Barabara Ikipita Shehiani: Yapi ya Kumaliza Barazani, Yapi ya Kujazia Fomu

Mtu wa Pemba hahitaji kuhubiriwa faida ya barabara. Aliyewahi kumtoa mja mzito kijijini kwa gari ya ng'ombe katikati ya masika ili amfikishe hospitali ya Chake Chake au Wete anaijua faida hiyo kuliko mhandisi. Kazi ipo kwenye yale yanayotangulia lami: alama nyekundu ya X ukutani, mikarafuu ya bibi iliyoangukia ndani ya hifadhi ya barabara, makaburi ya ukoo, vumbi linaloshuka juu ya karafuu zilizoanikwa majamvini, tipa linalopita mbele ya skuli watoto wakitoka, na kambi ya vijana wageni wenye mshahara mfukoni.

Kila shehia, yaani eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha, inayopitiwa hujikuta ikichagua, hata kama hakuna aliyeitisha uchaguzi. Mambo haya tuyamalize kwa utaratibu wetu au kwa utaratibu wa mradi? Wafadhili wakubwa siku hizi wanaacha nafasi kwa vyote viwili. Masharti ya mazingira na jamii ya Benki ya Dunia yaliyoanza kutumika Oktoba 2018 yana kiwango namba 5 kinachohusu kuchukua ardhi na kuhamisha watu, namba 8 cha urithi wa utamaduni, ule usioshikika kwa mkono ukiwemo, na namba 10 cha kuwashirikisha wananchi na kupokea malalamiko yao. Pemba nayo si mgeni wa fedha zenye masharti: baadhi ya barabara zake za vijijini zilijengwa chini ya mkataba wa Millennium Challenge uliotiwa saini na Marekani mwaka 2008, ule wa dola milioni 698 kwa Tanzania nzima. Kwa hiyo ukiambiwa "mila hazimo kwenye mkataba", omba uoneshwe mkataba wenyewe.

Nalinganisha hapa njia zinazotumika au zinazoweza kutumika, kwa ajili ya mtu aliyewekwa kwenye kamati ya shehia na hajui aanzie wapi. Kipimo changu ni kimoja, nacho ni muhali. Mila zetu zina nguvu kwa sababu watu wanaoneana muhali. Jirani anaona tabu kumdhulumu jirani mbele ya wazee watakaomzika. Jambo linalohitaji watu kuoneana haya, lipeleke kwenye mila. Jambo ambalo haya hiyo itamlinda mkosaji, usilipeleke.

Kikao cha wazee au kamati ya malalamiko

Kamati ya malalamiko ya mradi ina sura inayojulikana: daftari, fomu, namba ya lalamiko, siku za kujibiwa, na ngazi ya kupanda usiporidhika mpaka Mahakama ya Ardhi. Kikao cha wazee hakina daftari. Kina busati, kahawa na watu wanaojua nani kazaliwa wapi na nani alimuuzia nani. Kusini Unguja miji ya zamani ilikuwa na Watu Wanne, wazee walioisemea miji yao. Pemba mambo hupitia zaidi kwa wakubwa wa koo na watu wa msikiti.

Kwa mambo ya miti na mipaka, kikao hakina mpinzani. Zanzibar ardhi ni ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa mwananchi haki ya kuitumia. Miti ni habari nyingine kabisa. Mti unaweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi ilipo ikawa ya mwingine. Sasa mthamini anafika na fomu yake, anagusa mkarafuu, anauliza, "Huu wa nani?" Kijana aliyesimama karibu anajibu, "Wetu." Linaandikwa jina la kijana. Kumbe mti ule ni sehemu ya urithi ambao haujagawiwa tangu babu afariki, shangazi aliyeolewa Unguja ana fungu lake la faraidhi, na msimu huu umekodishwa kwa mtu wa kijiji cha pili ambaye ameshatoa pesa na anangoja kuchuma. Mzee aliyekaa barazani na tasbihi yake mkononi atakwambia yote hayo kwa pumzi moja, na atataja mpaka mti wa mzambarau uliokuwa alama ya mpaka kabla haujaanguka.

Tusilichukulie hili dogo. Mkarafuu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 hadi 8, hufikia nguvu zake karibu miaka 20, kisha ukalisha vizazi viwili vitatu. Tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, kisiwa hiki kimeutegemea mti huo kwa mahari, kwa nyumba, kwa kwenda Hija. Jina likikosewa kwenye fomu, ugomvi wake utadumu kuliko lami.

Lakini kikao hichohicho, ukikipa swali la kiasi cha fidia, kinalegea. Nani atasimama mbele ya baba mkubwa, na mkandarasi kakaa kiti cha mgeni, aseme pesa hizi hazitoshi? Mgeni ameshakirimiwa, chai imeshanywewa. Watu wataitikia "inshaallah" na watakwenda kunung'unika majumbani. Kiwango namba 5 kinataka aliyepoteza kitu alipwe thamani ya kukipata kingine badala yake bila kukatwa uchakavu, na hata asiye na hati asiachwe mikono mitupu. Haya hayasimamiwi kwa kahawa. Yanahitaji karatasi yenye namba, tarehe na sahihi.

Kuna na suala la sheha. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na wanakijiji. Pemba imepita kwenye mivutano mikali ya vyama tangu uchaguzi wa 1995, na ingawa kura ya maoni ya 2010 ilileta serikali ya umoja wa kitaifa, zipo shehia ambazo upande mmoja wa kijiji haukanyagi baraza la sheha. Kikao kikifanyika kwake tu, mradi utasikia nusu ya kijiji na kudhani umesikia chote. Uani kwa mtu anayeheshimiwa na pande zote, au kwenye ukumbi wa chuo cha Kurani, ni bora zaidi, sheha akialikwa kama wengine.

Na wanawake? Kwenye kikao cha wazee watakuwa nyuma ya pazia au hawatakuwepo. Nimesikia watu wakijitetea kwamba "mume atamfikishia mkewe". Mume hafikishi. Anayejua karafuu zinaanikwa wapi na watoto wanavuka wapi ni mke, na aulizwe peke yake, kwenye kikoa cha wanawake au kwenye kikundi chao cha kuweka na kukopa, pale wanapokutana kwa mambo yao na ulimi uko huru.

Uamuzi wangu kwa jambo hili: kikao kiseme mti ni wa nani na mpaka uko wapi, na kilichosemwa kiandikwe siku hiyohiyo mbele ya wote. Orodha ya majina ibandikwe na isomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa. Kuanzia hapo, kiasi gani na lini, ni kazi ya kamati na fomu zake.

Makaburi na msikiti

Hapa mradi una njia yake: tangazo, fidia ya kila kaburi, vibarua wa kufukua, sanduku, eneo jipya. Ukoo una njia yake pia, na ninavyoona mimi, hii ya ukoo ndiyo ya kushika mwanzo mpaka mwisho, mradi ukilipa gharama na kukaa pembeni.

Asili ya hukumu ni kwamba kaburi halifukuliwi ila kwa dharura. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mhandisi liwe: njia haiwezi kupinda? Likiulizwa mapema, barabara ikiwa bado ni mistari kwenye ramani, kupinda kunagharimu penseli. Likiulizwa greda limeshafika, kila mtu atakwambia haiwezekani. Ndiyo maana mzee wa ukoo anatakiwa atembee na wapimaji siku ya kwanza. Makaburi mengi ya mashamba hayana maandishi. Alama ni jiwe kichwani na jiwe miguuni, pengine mti uliopandwa na umeshazeeka, na majani yamefunika. Mpimaji ataona saba. Mzee atakuonesha ya watoto wachanga pembeni, ambayo hayana hata jiwe.

Ikishindikana kupinda, ukoo uulize Ofisi ya Mufti, ambayo ina sheria yake tangu 2001, na upate jibu lake kwa maandishi. Hapo mradi unapata kinga na ukoo unapata utulivu wa moyo kwa karatasi hiyohiyo moja. Kisha wanaume wa ukoo wafukue wenyewe, alfajiri, pazia limezungushwa, sanda mpya iko tayari, na shughuli imalizwe kwa khitma. Vibarua wa kambi wasikaribie. Sijui kwa nini jambo hili linahitaji kusemwa, lakini linahitaji.

Msikiti ni mgumu zaidi ya kaburi kwa upande mmoja: kwa kawaida ni wakfu, na wakfu hauuzwi. Wanakijiji hata wakikubali wote kwa kauli moja, hawana mamlaka ya kuutoa. Inabidi ipitie Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa mujibu wa sheria ya 2007, ili badala yake ijengwe kwa utaratibu. Hapa wazee peke yao hawatoshi na kamati ya mradi peke yake haitoshi. Na jengo jipya liwe limekamilika, watu wanasali ndani, kabla ya lile la zamani kuguswa.

Dharau kwenye mambo haya ina bei. Mtu aliyevunjiwa kaburi la mamaye hatakwenda ofisi ya mradi kujaza fomu. Atakwenda kuomba isomwe Halbadiri, dua ya kumwapiza aliyedhulumu. Usiamini au uamini, habari itasambaa kijijini kabla ya magharibi, na mkandarasi atastaajabu kuona vibarua wenyeji hawaji kazini.

Mizimu, mibuyu na wavyale

Kusini Unguja, Makunduchi na Jambiani, bado kuna wavyale, watu wa koo zinazoshikilia desturi za ardhi na mizimu. Makunduchi ndiko kwenye Mwaka Kogwa wa kila Julai, na anayedhani desturi zile ni maonesho ya watalii tu hajakaa na wenyewe. Pemba nako kuna mapango na vichaka ambavyo watu hawavikati, na mibuyu ambayo dereva wa katapila mwenyeji ataizunguka kimyakimya.

Masheikh wengine wataita haya ushirikina na hawatataka yatajwe kwenye mkutano. Wengine wanajua bibi zao walikwenda huko. Mradi hauna haja ya kuamua nani yuko sahihi. Unachohitaji ni kujua pahala penyewe pako wapi, na hilo huulizwa faragha. Dua ya kufungua kazi iwe ya wazi, kwa ubani na fatiha, kila mtu ahudhurie. La mzimu liachiwe wenyewe, na ramani ipindishwe kidogo bila hotuba.

Wanaocheka waangalie New Zealand. Mwaka 2002 kazi ya barabara kuu huko Meremere ilisimama kwa muda katika eneo la kinamasi, kwa sababu Wamaori wa Ngāti Naho walisema ni makao ya taniwha, kiumbe mlinzi katika imani yao. Wahandisi wakarekebisha ujenzi ili kulinda sehemu ya eneo hilo, kisha barabara ikaendelea. Nchi tajiri, wahandisi wa kisasa, na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Bango au ngoma

Bango la "Punguza Mwendo" linasomwa na anayejua kusoma, akiwa hana haraka. Dereva wa tipa anayelipwa kwa safari ana haraka. Mkutano wa usalama barabarani unahudhuriwa na watu wazima wanaoketi kivulini wakati watoto, ndio wanaogongwa, wako madrasa.

Pemba ina kibati, ngoma ya majibizano ya papo kwa papo, mmoja akitupa na mwingine akirudisha huku ngoma zinakwenda mbio. Kisiwa cha Kamange na Sarahani, washairi waliotupiana beti hadi leo zinasomwa, hakihitaji kuletewa kampuni ya matangazo kutoka nje. Waite wachezaji, waambie tatizo, waache watunge. Mistari kama hii, niliyoitunga mwenyewe kuonesha tu:

*Dereva wa tipa, pole mwendo wako,*
*Atokaye skuli, ndiye mwana wako.*

Na wa upande wa pili, aliyevaa kofia ya dereva, amrudishie:

*Breki zangu nzima, bosi anataka*
*Kifusi haraka, nami natumika.*

Jibu hilo la pili ndilo lenye thamani. Hapo lalamiko la kweli limefika kwa bosi aliyekaa mstari wa mbele, watu wanacheka, na hakuna aliyetajwa jina. Kwenye mkutano wa kawaida dereva asingesema hivyo, angefukuzwa kazi. Watoto nao wataimba mistari ile wiki nzima njiani.

Kwa Unguja mjini beni ya Mbwa Kachoka ingefaa kwa kukusanya watu barabarani, maana tarumbeta inasikika mbali, lakini ujumbe hupotea ndani ya shangwe. Msewe wa Pemba unapendeza macho, haubebi maneno mengi. Ukiwa na pesa ya ngoma moja, chukua kibati. Matuta na alama za kuvukia mbele ya skuli vibaki palepale kwenye mkataba. Ngoma haisimamishi tipa lililokatika breki.

Wasichana na kambi

Hili nalitenga kwa sababu hapa watu wengi wema hukosea njia. Desemba 2015 Benki ya Dunia ilifuta ufadhili wa mradi wa barabara nchini Uganda, uliohusisha barabara ya Kamwenge hadi Fort Portal, baada ya kubainika wafanyakazi wa mkandarasi waliwadhulumu kingono wasichana wadogo. Jambo hilo halina mpaka wa nchi. Kambi ya wanaume ikikaa mwaka karibu na kijiji cha watu wenye shida, hatari ipo, iwe Uganda iwe Micheweni.

Kwa kuwatahadharisha wasichana, afisa wa mradi mwenye vipeperushi na somo anayemfundisha mwari hawalingani. Somo anasikilizwa. Anaweza kusema kwa lugha ya ndani yale ambayo afisa atayazungusha, na mwari atarudi kwake na swali. Zanzibar haina uhaba wa wanawake hawa. Bi Kidude alijulikana duniani kwa sauti yake, lakini nyumbani wengi walimjua pia kwa unyago. Basi mradi uwape masomo hao nauli na muda, uwaeleze kanuni za mwenendo zinazowabana wafanyakazi wa kambi, kisha uwaachie wazungumze wenyewe.

Likishatokea baya, hapo mila ikae kando. Desturi yetu ya sitara itasema tusiwatie aibu wazazi, kijana aoe, tuyamalize ndani. Mzee atakayesema hivyo hasemi kwa ubaya, ndivyo alivyolelewa. Lakini mtoto aliyedhulumiwa atabaki peke yake na mkosaji atahamia kambi nyingine. Kesi ya namna hii haiingii kwenye kikao cha wazee hata kwa dakika moja. Inakwenda polisi na kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono cha kuwahudumia waliodhulumiwa, ambacho hospitali ya Chake Chake inacho, na mapema, kabla ushahidi wa daktari haujapotea. Kamati ya shehia iandike hili kwenye kikao chake cha kwanza kabisa, kabla halijatokea, ili siku ya siku asiwepo wa kuombwa amwonee mwenziwe muhali.

Kazi ya pamoja au kibarua cha kulipwa

Kuna wanaoshauri wanakijiji wachimbe mitaro kwa kujitolea "ili wauone mradi ni wao". Mkandarasi ameshalipwa kwa mtaro huo. Pemba ina kumbukumbu ndefu ya kazi za kulazimishwa: hadithi za Mkama Ndume wa Pujini, mtawala aliyewabebesha watu mawe huku wakijikokota kwa matako, zinasimuliwa mpaka leo karibu na magofu yenyewe. Vijana wapewe vibarua kwa zamu, koo zote zikizungukwa, na wazee ndio wapange zamu hiyo kwa sababu wanajua nyumba ipi haina mtu wa kuingiza kipato. Kujitolea kubaki kwa kupanda miti na kuzibua mitaro baada ya mkandarasi kuondoka.

Wakati na pesa

Kalenda ya mkandarasi ina masika na vuli kwa sababu ya mvua. Iongezwe msimu wa karafuu, maana boza la kumwagia maji lisipopita mara kwa mara vumbi hushuka kwenye majamvi na karafuu hushuka daraja kwenye mzani wa ZSTC, shirika la biashara la serikali linalonunua karafuu. Iongezwe Ramadhani, pale kazi inapofaa kuanza alfajiri na kukoma mapema, na saa ya Ijumaa mashine karibu na msikiti zizimwe bila kuombwa.

Na kuhusu pesa: ngoma, dua, khitma na vikao viwe na fungu lake kwenye bajeti, lenye risiti. Mradi ulipe mchele, mbuzi, turubai, nauli ya wachezaji na posho ya wale masomo wanaofundisha wari, na ununuzi ufanywe na watu wawili waliochaguliwa, mmoja mwanamke. Bahasha isipite mkononi mwa mzee yeyote, hata ikiitwa ya kahawa, kwa sababu ikishapita, orodha ya miti aliyoitaja wiki ile itabidi ihakikiwe upya.